Kabro, zege au maram? Kuchagua sakafu ya njia ya gari nyumbani, Nakuru hadi Kisumu

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu kabro, vile vipande vya zege vya kutandika njia, ni hili: "Nichukue kabro gani?" Mtu ameshamaliza nyumba, rangi imepakwa, geti limesimama, na kilichobaki ni ile nafasi kati ya geti na mlango ambapo mvua ikinyesha gari linazama hadi rimu. Amepita kando ya barabara akaona kabro nyekundu zimepangwa kwenye uwanja wa mtengenezaji, zimempendeza, na bei ya mita moja ya mraba ameshaiuliza. Anataka nimwambie tu achukue nyekundu au ya kijivu, zigizaga au ya mstatili.

Mimi husimamia ujenzi wa nyumba za kuishi, kazi nyingi zikiwa Nakuru na Kisumu, chache Vihiga na Kakamega. Nikiulizwa hivyo, nami huuliza mambo mawili. Udongo wa hapo kwako ni upi? Na gari zito kuliko yote litakaloingia hapo ni lipi? Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kabro ni mlango. Kilicho chini yake ndicho kinachoamua kama zitadumu, na ndicho kinachoamua kama ni kabro unazohitaji, au zege, au maram (ule udongo mwekundu wenye changarawe) peke yake kwa mwaka huu.

Udongo kwanza

Kisumu ina sura mbili. Ukiwa Riat uko juu ya mwamba. Fundi hachimbi sana kabla sururu haijaanza kulia. Hapo tabaka la chini halikugharimu sana, na pesa yako inaweza kwenda kwenye kabro zenyewe. Shuka Nyamasaria uelekee uwanda wa Kano, unakutana na udongo mweusi wa pamba. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia vidole. Mvua ikija unavimba na kunata kiatuni mpaka mguu unakuwa mzito. Udongo huo hunyanyua na kushusha chochote kilichowekwa juu yake, msimu baada ya msimu, na haujali ulilipa kiasi gani.

Niliitwa kwa familia moja upande huo. Kabro zao zilikuwa nzuri kweli, nene, zimekomaa, rangi imeingia hadi ndani. Lakini zilikuwa zimelazwa juu ya mchanga, na mchanga umelazwa juu ya udongo mweusi wenyewe. Misimu miwili ya mvua ilitosha: njia ilikuwa imefanya mawimbi, na mbele ya gereji maji yalikuwa yametulia kama bwawa la bata. Mwenye nyumba alisikitika sana. "Mama, hizi kabro ni ghali kuliko za jirani yangu." Nikamwambia, "Ni kweli, Mzee. Ila jirani alichimba udongo akautoa, akaleta maram lori baada ya lori kabla hajanunua kabro hata moja." Ilibidi tuzing'oe zote. Habari njema ni kwamba kabro zenyewe hazikuwa na kosa, na zilirudi juu ya msingi mpya karibu zote.

Nakuru ni kitu kingine. Mji umekaa kati ya mlima wa Menengai na ziwa, na udongo wake mwingi ni majivu ya volkeno: mwepesi, wa vumbi, unaopitisha maji haraka. Watu hudhani ni udongo rahisi kwa kuwa hauvimbi. Shida yake ni kwamba maji yanayokimbia huuchukua. Maji ya paa yakidondoka mahali pamoja, au mtaro wa barabarani ukifurika kuingia getini, udongo unahama kimyakimya na kuacha pango chini. Sehemu za mji huu zimewahi kuona ardhi ikididimia na nyufa kufunguka baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo mkazi wa Nakuru aogope maji yanayokimbia, na wa Nyamasaria aogope maji yanayotuama.

Vihiga na Kakamega kuna udongo mwekundu ulio imara ukishindiliwa vizuri, lakini mvua ni nyingi mno, na viwanja vingi vimekaa kwenye mteremko. Faida yao kubwa ni mawe. Anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Kakamega anayajua mawe makubwa ya Maragoli, na anawajua watu walioketi kando ya barabara wakipasua kokoto kwa nyundo. Mawe ya kujazia yako karibu, na hiyo hupunguza gharama kuliko punguzo lolote la bei ya kabro.

Vitu vyenyewe, kimoja kando ya kingine

Nianze na maram, kwa sababu watu huidharau. Maram nzuri iliyomwagwa kwa matabaka na kushindiliwa, ikiwa na mgongo katikati ili maji yaende pembeni, inabeba gari bila shida. Inataka kuongezewa kila baada ya misimu kadhaa, inaleta vumbi ndani ya nyumba, na watoto wakicheza hapo nguo zinajua. Lakini kama pesa haitoshi kufanya kabro vizuri, weka maram sasa. Hutaipoteza: gari litaishindilia mwaka mzima, utaona maji yanapita wapi, na siku ya kabro ikifika, sehemu kubwa ya tabaka la chini utakuwa nalo tayari. Ningependa watu wengi zaidi wafanye hivyo badala ya kulaza kabro juu ya udongo mtupu ili tu zionekane kabla ya Krismasi.

Zege ndilo mpinzani wa kweli wa kabro. Kwa gari dogo, zege la unene wa sentimita 10 lenye wavu wa chuma ndani, juu ya msingi ulioshindiliwa, ni kitu kigumu na rahisi kufagia. Magugu hayaoti katikati. Kwenye mteremko mkali kama wa baadhi ya viwanja vya Riat au Vihiga, zege lililochorwa mistari kwa ufagio likiwa bado bichi linashika tairi vizuri kuliko kabro, na halitelezi kushuka chini pole pole.

Lakini zege lina tabia tatu ambazo lazima uzikubali kabla hujalimwaga. Litapasuka: usipolikatia viungio kila mita tatu hivi, litachagua lenyewe pa kupasukia. Halisamehe bomba: siku bomba la maji likivuja chini yake, plamba atakuja na nyundo kubwa, na kiraka kitaonekana maisha yote. Na linaficha pango. Pale Nakuru ambapo maji huiba udongo, zege hukaa juu ya shimo kama daraja, wewe hujui, mpaka siku linapovunjika. Kabro juu ya shimo hilohilo zingebonyea mapema, ukaona, ukazing'oa, ukajaza, ukazirudisha asubuhi moja. Kwa sababu hiyo pekee, Nakuru mimi nachagua kabro karibu kila mara.

Kwenye udongo mweusi uamuzi si mwepesi hivyo. Kabro zinavumilia ardhi inayocheza kuliko zege, kwa sababu ni vipande vingi vinavyoweza kusogea kidogo bila kuvunjika. Hata hivyo, kabro mpya hupitisha maji katikati yake, na maji hayohayo ndiyo yanayouvimbisha udongo wa chini. Hivyo kabro kwenye udongo mweusi zinataka mambo yote kwa pamoja: udongo utolewe, wote kama tabaka lake ni jembamba, au nusu mita hivi kama linakwenda chini sana; pawekwe kile kitambaa kigumu kinachotenganisha udongo na mawe ili tope lisipande; maram ishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15; na mtaro uwepo pembeni unaopeleka maji mbali. Ukikosa kimoja, umekosa vyote. Kama huna pesa ya hayo, rudi kwenye maram.

Lami sitakaa nayo sana. Ni nzuri kwa njia ndefu, kwa mfano ya shule au hospitali. Kwa mita 60 za mraba za nyumbani ni vigumu kumpata mtu mwenye vifaa vya kweli akubali kuja, na wanaokubali mara nyingi huleta mabaki yaliyokwisha kupoa. Petroli na oili inayodondoka kutoka kwenye injini huila. Joto la mchana la Kisumu huilainisha, na jeki ya gari huacha alama.

Matofali ya kuchoma ni kishawishi cha nyumbani kwetu magharibi, kwa sababu kila mtu ana jirani anayechoma. Kwa ukuta, sawa. Kwa tairi, hapana. Tofali la tanuri la kijijini linanyonya maji, linamong'onyoka pembe, na kivulini linaota utando wa kijani unaoangusha watu. Nimeona mahali palipopangwa matofali kwa ustadi mkubwa, na mwaka wa pili katikati ya njia pakawa unga mwekundu. Yatumie kwenye njia ya miguu ya bustanini.

Mawe bapa kama ya Mazeras ni mazuri sana kwa macho, lakini kutoka Pwani hadi Kisumu ni safari ndefu kwa kitu kizito, na jiwe bapa jembamba bila zege chini yake huvunjika tairi likilipanda pembeni. Kama unayapenda, yaweke kwenye baraza.

Milimita 60 au 80

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, pande zote mbili: wapo wanaonunua kabro nyembamba wakajuta, na wapo wanaolipia unene ambao hawataukanyaga kamwe.

Kabro za milimita 50 ni za miguu. Muuzaji akikuambia zinabeba gari, mshukuru uende zako. Za milimita 60 zinatosha kabisa kwa gari la familia, pikapu, hata Prado, zikiwa juu ya msingi mzuri. Za milimita 80 ni za malori, vituo vya mafuta na maegesho ya matatu.

Lakini nyumba zetu nyingi hazina bomba la majitaka la mji. Tuna tangi la choo uani, na siku likijaa huja lori la kunyonya, lile wengi huliita eksosta. Na mahali ambapo maji ya mfereji hukatika huja bauza, yaani lori la tangi la maji. Fanya hesabu hii: lita 10,000 za maji ni tani 10, lori lenyewe hujalihesabu. Gari lako dogo ni tani moja na kitu. Siku hiyo moja ya bauza, kabro zako zinabeba mzigo ambao hazijawahi kuuonja mwaka mzima, na tena dereva anakata kona papo hapo getini, tairi zikisugua.

Kuna nyumba moja Nakuru ambapo kila kitu kilikuwa sawa, milimita 60, msingi mzuri, mpangilio mzuri. Lori la kunyonya liliingia mara moja tu. Mistari miwili ya tairi ikabaki pale kama reli.

Kwa hiyo ushauri wangu hauko katikati ya 60 na 80, uko kwenye ramani ya kiwanja. Tangi likiwa mbele karibu na geti, ili lori libaki nje na kuingiza mpira tu, nunua 60 ulale usingizi. Tangi likiwa nyuma ya nyumba na lori lazima lipite, weka 80 kwenye njia yote lori linapopita na pale linapogeuzia, na 60 kwenye maegesho ya pembeni. Fundi atalalamika kwamba unene mbili unamsumbua. Ni kweli unamsumbua, kwa sababu inabidi mchanga na maram chini vishuke kwa tofauti ya sentimita mbili, lakini si kazi isiyowezekana. Kama bado hujajenga tangi, lijenge karibu na geti. Huo ndio uamuzi wa bei nafuu kuliko yote katika makala hii.

Wauzaji watakutajia pia namba kama "35N" na "49N". Hiyo ni nguvu ya zege la kabro, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Kwa lugha ya mzigo, 49 ni kama kilo 500 juu ya eneo la sentimita moja ya mraba kabla halijasagika, na 35 ni kama kilo 350. Kwa nyumba, 35 halisi inatosha. Neno zito hapo ni "halisi". Muulize muuzaji kama ana karatasi ya maabara ya kabro zilizopasuliwa, na ya lini.

Ya mashine au ya kalibu

Kuna kabro za aina mbili uwanjani, na unaweza kuzitofautisha kwa macho. Za mashine ya kugandamiza zina uso mkavu, wa chengachenga kidogo, na zote zina unene sawa. Za kalibu ya plastiki, zinazomiminwa zikiwa na maji na kutikiswa juu ya meza, zina uso laini unaong'aa kama sahani. Hizi za pili ndizo hupendwa na wateja kwa mng'ao, na ndizo nazikwepa kwa njia ya gari. Mvua ikinyesha zinateleza. Na kwa kuwa kila kalibu hujazwa kwa mkono, moja inakuwa milimita 55 na nyingine 63, hivyo zikilazwa zinaacha meno meno yanayomkwaza mtu.

Sisemi kila anayemimina kwa kalibu anafanya vibaya. Namjua kijana mmoja Kakamega anayepima kwa ndoo ileile kila mara, anamwagilia kabro zake wiki nzima chini ya magunia, na hauzi kabla ya siku 28. Kabro zake ni nzuri kuliko za viwanda kadhaa. Tatizo ni wale wanaotoa leo, wanapakia kesho kutwa.

Usimwamini mtu yeyote, hata mimi, wakati unaweza kupima mwenyewe. Nenda na mizani ya jikoni na rula. Kabro ya mstatili ya sentimita 20 kwa 10 yenye unene wa milimita 60 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 2.7. Ya milimita 80, kama kilo 3.6. Ikiwa nyepesi sana, ina matundu ndani au kokoto iliyotumika ni ile nyepesi ya volkeno. Gonganisha mbili: iliyokomaa inalia kama chungu kizima, mbichi inatoa sauti ya ubao. Kwaruza pembe kwa msumari; ikitoka unga, iache. Kisha nunua moja, ikaushe juani siku kadhaa, ipime, ilowekee ndooni siku nzima, uipime tena. Kiwango cha Ulaya huruhusu inyonye maji hadi 6% ya uzito wake. Kwa kabro ya kilo 2.7 hiyo ni gramu 160 hivi. Ikiongezeka nusu kilo, hiyo ni sifongo. Na usichague wewe ile iliyo juu ya rundo. Chomoa ya katikati.

Jambo moja linalowatisha watu bila sababu ni ule weupe kama chumvi unaotokea juu ya kabro mpya. Ni chokaa ya simiti inayotoka na unyevu, na mvua huuondoa polepole. Usikubali mtu akuuzie tindikali ya kuuosha.

Umbo, mpangilio, rangi

Mstatili wa kawaida hutoka vipande 50 kwa mita ya mraba, na ndio mwepesi kukata na kubadilisha. Zigizaga hushikana zenyewe kwa meno yake, jambo zuri kwa fundi asiye na uzoefu. Maumbo ya mapambo, yale ya maua na nyota, yaache kwenye njia ya miguu. Yana ncha nyembamba ambazo tairi huzivunja.

Ukichukua mstatili, mwambie fundi apange mfupa wa samaki, yaani kabro zikutane kwa pembe kama miiba ya samaki. Mpangilio wa mistari kama ukuta wa matofali ni wa haraka, lakini gari likifunga breki getini kila jioni, mistari husogea mbele kidogo kidogo hadi inafunguka. Mfupa wa samaki hushika kila upande. Unapoteza kabro zaidi kwa kukata pembeni, hivyo ongeza 5% hadi 10% kwenye oda.

Rangi ni macho yako, nami nina maoni mafupi tu. Kijivu haipauki kwa sababu haina cha kupauka. Nyekundu na nyeusi ziulize kama rangi imeingia hadi chini au iko juu tu; vunja moja uone. Kakamega na Vihiga, ambako tope jekundu huja na kila kiatu na kila tairi, kabro za rangi ya maziwa ni huzuni ya kila Jumamosi. Chagua nyekundu au nyeusi.

Zipo pia zile zenye matundu ya kuoteshea nyasi. Nazipenda kwa maegesho ya gari la pili lisilotoka kila siku, hasa Nakuru, ambako maji yanayokimbia kutoka viwanjani hushuka kuelekea ziwa lisilo na pa kutokea, na kila tone linalozama kiwanjani kwako ni moja pungufu mtaroni. Kwa njia inayotumika kila siku, nyasi hazipati nafasi ya kuota, unabaki na matundu ya vumbi.

Hesabu ya mita 60 za mraba

Tuseme njia yako ni mita 4 kwa 15. Bei hubadilika, ila vipimo havibadiliki, hivyo chukua hivi uende navyo dukani.

Kwa kabro za mstatili za milimita 60: vipande 3,000, kisha uongeze ile ziada ya kukata. Uzito wake ni zaidi ya tani 8. Hapo utaelewa kwa nini kabro "za bei nafuu" kutoka Nairobi, kilomita zaidi ya 300 kutoka Kisumu, hufika zikiwa ghali. Chini yake, maram au mawe yaliyosagwa sentimita 15 baada ya kushindiliwa, yaani mita za ujazo 9 zikiwa zimekaa, na kama 12 zikiwa bado kwenye lori. Juu ya hapo mchanga au vumbi la mawe la sentimita 4, tuseme mita 3 za ujazo na akiba. Kingo za zege pande mbili: mita 30. Siku mbili za kukodi kompakta, ile mashine ya kushindilia. Na malori ya kutoa udongo uliochimbwa, ambayo karibu kila mtu husahau, kwa sababu shimo la sentimita 25 kwenye eneo hilo linatoa mita 15 za ujazo, nao ukishachimbwa huumuka.

Kwa zege la sentimita 10: mita 6 za ujazo, simiti mifuko 38 hadi 40 ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne (simiti, mchanga, kokoto), wavu wa chuma wa eneo lote, na tabaka la chini lilelile. Kisha siku saba za kumwagilia maji na zaidi ya wiki gari likilala nje. Kabro, gari linaingia jioni ileile kompakta imemaliza.

Ukilinganisha bei za mafundi wawili, usitazame jumla. Tazama kama wote wawili wameandika unene wa maram, kingo, kompakta na kutoa udongo. Aliye nafuu mara nyingi hakuandika viwili kati ya hivyo, na hajakudanganya, hukumuuliza.

Kingo zinastahili neno la ziada. Bila ukingo uliokaa kwenye zege, kabro za pembeni hutanuka nje, mchanga unatoka, na za katikati zinalegea moja moja. Nimeona kazi nzuri ikifa kutoka pembeni kuingia katikati ndani ya mwaka. Pia kataza kabisa simiti ya majimaji kumwagwa juu ili "kuziba". Nafasi kati ya kabro na kabro ni ya mchanga mkavu, laini, uliofagiliwa na kushindiliwa, ukaongezwa tena baada ya wiki kadhaa. Simiti hupasuka, huacha madoa, na siku ya kung'oa kabro kwa ajili ya bomba zinavunjika zote. Sisimizi watautoa mchanga kidogo kila kiangazi. Ndoo moja na ufagio vinatosha.

Na kabla ya tabaka la kwanza, zika bomba tupu la plastiki la inchi nne likivuka chini ya njia, limezibwa ncha zote mbili, ukaandika ukutani lilipo. Siku ya waya wa intaneti au taa ya geti utalikumbuka.

Nilichomchagulia mama

Mwaka jana ilikuwa zamu ya nyumbani kwetu, Vihiga. Kiwanja kinateremka kutoka barabarani, udongo mwekundu, tangi la choo liko juu karibu na geti. Mama alitaka zege kama la kanisani. Ndugu yangu alitaka kabro nyekundu zinazong'aa kama alizoziona kwa rafiki yake. Tuligawanya: kipande kikali cha juu, mita sita hivi, tukaweka zege lenye mistari ya ufagio, sehemu ya chini iliyo tambarare mbele ya nyumba tukaweka kabro za mashine za milimita 60, nyekundu, mfupa wa samaki, fundi akianza kupanga kutoka chini kwenda juu ili kila mstari uegemee uliotangulia. Katikati ya viwili hivyo tukaweka mtaro wenye wavu wa chuma, ili maji ya mteremko yasifike kwenye kabro kabisa. Tulifanya kazi Januari, kabla ya mvua kubwa ya Machi.

Siku ya mwisho mama hakutazama rangi. Alichota ndoo ya maji kisimani, akapanda hadi getini, akaimwaga yote. Tukasimama wote, na fundi pia, tukiyatazama yakishuka kwenye zege, yakafika kwenye mtaro, yakakata kushoto kuelekea migombani.

"Haya," akasema, "mwambieni baba yenu alete gari ndani."